Jembe la Spesioza Lilivyonidanganya

Vijana, mmeniomba niwaeleze namna ya kumtembelea mtoto aliyewekwa katika nyumba ya watu wengine, na mkasema ni afadhali niandike, kwa sababu nikisema kwa mdomo naishia kugombana. Sawa, naandika. Ila mjue tangu sasa kwamba mimi ni mtu wa darasa la tatu, na hilo la tatu lenyewe nililiacha katikati. Msitafute mpangilio humu. Nitaanza panaponiuma, nitarudi nyuma, nitapita pembeni, kama mtu anayekwenda Kumsenga kwa miguu na anajua watu wa kila nyumba njiani.

Jambo la pili, nitawataja watu. Mmoja wenu alinishauri, mama, usiandike majina, wenyewe wataudhika. Waudhike. Rugoye alikuwa na jina lake siku aliyofanya aliyoyafanya. Festo alikuwa na jina lake alipotia saini. Na mimi Veronika ninalo langu, mtalikuta humu humu, limekaa kwenye benchi moja na yao.

Kazi yetu tuliiita ulezi wa pembeni. Ilikuwa miaka ya sabini, watu wamehamia vijijini, nyumba zimepangwa kwa mistari kama viazi kwenye tuta. Kutoka ng'ambo ya mpaka, Burundi, walikuwa wamevuka watu wengi, na kati yao watoto wasio na baba wala mama. Waliokuwa na ndugu huku walikwenda kwa ndugu. Waliobaki, pamoja na yatima wetu wenyewe, kijiji kiliwagawa kwenye nyumba. Kila mtoto alipewa jembe jipya, blanketi na mkeka. Halafu kamati ya kijiji ikaomba watu wa kujitolea. Mtoto huishi naye, humlishi. Kazi yako ni kuwa mtu wake. Ujue anasomaje, anaumwa nini, anataka kuwa nani, na akianza kupotea uwe wa kwanza kujua. Mwenye nyumba ni mlezi wa ndani, wewe ni mlezi wa pembeni. Malipo hakuna, hata nauli hakuna. Mimi nilipewa watoto kumi na wawili.

Wenzangu walijitolea kwa ajili ya dini, wengine kwa ajili ya siasa. Mimi nilijitolea kwa hasira. Nami nilipokelewa, nikiwa na miaka kama minane, mama yangu amekufa, nikapelekwa upande wa Kasulu kwa mtu aliyeitwa Kagoma. Kagoma alikuwa anacheka na kila mtu barabarani. Nyumbani kwake nililima asubuhi shamba lake, mchana shamba la jirani, na jirani alimshukuru yeye. Jembe nililoingia nalo jipya, nilipofika miaka kumi na miwili lilikuwa limebaki dogo kama kiganja. Nililima nimeinama pua karibu na udongo, kama mtu aliyeangusha sindano. Hakuna mtu hata mmoja aliyekuja kuniuliza kitu. Kagoma alikufa watu wakimwita baba wa yatima, na kaburi lake lina msalaba wa saruji. Nimelipita mara nyingi. Sijawahi kusimama.

Kwa hiyo nilipoanza ulezi wa pembeni nilikuwa na moto, na akili kidogo. Nyumba yangu ya kwanza niliingia na daftari kwapani, nikakaribishwa kigoda, nikakaa, nikamwita mtoto, nikamuuliza mbele ya mwenye nyumba na mkewe kama anateswa. Mtoto akasema hapana. Nikaandika hapana. Nikatoka nimenyanyua kichwa.

Aliyenisahihisha ni Mama Bukuru. Alikuwa mkunga wa kijiji, mama wa mapacha, na ndivyo jina lake linavyosema huku kwetu. Mwanamke mfupi, sauti nene, ameshika nusu ya kijiji kabla hakijajua kulia. Nilipomsimulia alicheka mpaka akaketi chini.

"Mwanawanje," akaniambia, yaani mwanangu, "umemuuliza mbuzi mbele ya mwenye kisu kama anaipenda nyumba."

Basi akanifundisha. Na haya myashike, kwa sababu fomu zenu zenye visanduku vya kutia tiki hazina. Usikae kwenye kigoda. Nenda jikoni, kaa chini, shika kazi, menya mihogo, chambua maharage, maana mtu anayefanya kazi hatazamwi. Usipeleke habari kwamba unakuja. Mkipeleka habari mtakuta mtoto amevaa shati lenye mistari ya kukunjwa, shati la sandukuni, na mkigeuka tu linarudi sandukuni. Mtoto msizungumze naye ndani ya uwanja. Mwambie akusindikize kuchota maji, mpokee ndoo, tembeeni kimya mpaka aanze mwenyewe. Wengine wataanza siku hiyo, wengine mwezi wa tatu. Wewe endelea kubeba ndoo.

Na chumvi. Hiyo ilikuwa yake peke yake. Alikuwa akikaa jikoni anamwambia mtoto, hebu nipe chumvi kidogo nilambe, kinywa kichungu. Basi anaangalia. Mtoto aliye nyumbani anajua chumvi ilipo, ananyoosha mkono anachukua. Mtoto asiye nyumbani anamtazama mama mwenye nyumba kwanza. Mama Bukuru akishaona macho yale yamekwenda wapi, hana haja ya kuuliza swali. Siku moja tulikuta mtoto wa kiume ameitoa chumvi upesi, akampa na pilipili juu yake, akamwambia bibi kama kinywa ni kichungu hii itakimaliza. Mama Bukuru alikohoa njia nzima na kufurahi njia nzima. Yule, alisema, tusimsumbue, ana kwao.

Lakini mimi sikutosheka na chumvi. Nilitaka kipimo changu, na kipimo changu kilikuwa jembe.

Nilifikiri hivi. Jembe jipya la dukani lilikuwa shibiri yangu moja na vidole vinne. Mtoto anayelima kidogo baada ya shule, kwa msimu mzima hupunguza nusu ya kidole, pengine kidole. Likipungua vidole vitatu, mtoto huyo haendi shule, anafanywa trekta. Basi nilikuwa nikifika naomba jembe la mtoto, naliweka chini, napima. Na kilifanya kazi. Kwa kipimo hicho niliwatoa watoto wawili kwenye nyumba mbili, wenye nyumba wakabaki wanashangaa nimejuaje. Watu wakaanza kuniita Mama Jembe, na mimi bado msichana sina hata mtoto. Nikalipenda jina. Hapo ndipo nilipoharibu. Niliisimulia hesabu yangu kisimani, nikaisimulia kwenye mkutano wa akina mama, nikawaonyesha na vidole. Kila mlezi wa ndani katika kijiji kile akajua Veronika anatazama nini.

Sasa Rugoye. Alikuwa balozi wa nyumba kumi, mwanamume wa heshima za Kiha zote. Akikuona kwa mbali anaanza kupiga makofi polepole, anainama, mwidiwe, mwidiwe, habari za nyumbani, za ng'ombe, za mvua, za wale mliowaacha huko, na wewe unaitikia na kupiga makofi na kuinama. Anakusalimia mpaka unasahau ulichofuata. Kwake alikuwa ameweka msichana wa kutoka ng'ambo, Spesioza. Alivuka akiwa na miaka kama kumi, na wakati ninaousimulia alikuwa darasa la saba. Spesioza alikuwa na kichwa. Mwalimu wake aliniambia mtoto huyu kwenye mtihani wa darasa la saba anaweza kuwa wa kwanza shuleni, na akanipa kazi moja tu mimi mlezi wake wa pembeni: nihakikishe anafika siku ya mtihani. Nikamwambia hilo niachie mimi.

Mara ya kwanza msimu ule nilimkuta, tukaenda wote kuchota maji, akanisomea kwa kichwa majina ya mito yote ya Tanzania, mimi nikijua wa kwetu tu. Mara ya pili Rugoye alinisalimia kwa kirefu, akasema Spesioza ameteremka kisimani, hatakawia, halafu kabla sijasema neno akaniletea jembe la mtoto, akasema amemnunulia jipya msimu ule. Lilikuwa kama limetoka dukani jana. Nilipima, halijapungua hata upana wa kucha. Nikafurahi. Tukacheka na Rugoye, akanitania kwamba sasa nitampima na yeye mwenyewe kama amepungua. Nikaandika katika daftari la matembezi la kamati kwamba nyumba hii ni mfano. Nikaweka saini. Sikumsubiri mtoto. Mara ya tatu akaniambia yuko shule, akaleta jembe, likiwa vilevile. Nikaweka saini. Mara ya nne hivyo hivyo.

Jembe halikupungua kwa sababu aliyelishika hakuwepo.

Mnaona lilivyo jepesi? Hata kipofu angeliona. Lakini mimi nilikuwa namtafuta Kagoma katika kila nyumba. Nilikuwa najua shida ya aina moja tu, shida ya kulimishwa, na pale nisipoiona nikasema hakuna shida. Hivyo ndivyo Rugoye alivyonipata. Hakunidanganya kwa akili nyingi. Alinipa nilichokuwa nakitaka mkononi.

Nilikuja kujua barabarani. Mwalimu wa darasa la saba alinisimamisha, akaniuliza kama nimepata habari zozote za Spesioza huko kwao. Nikamuuliza kwao wapi. Akasema si alirudi kwa ndugu zake, ng'ambo, karibu miezi miwili sasa, barua ya kamati anayo mwalimu mkuu, na jina limekwisha futwa kwenye orodha ya mtihani. Barua imesainiwa na mwenyekiti wa kamati, Festo.

Nilimwambia mwalimu kwamba mtoto huyo hana ndugu hai, ndiyo maana yuko kwetu. Akanitazama akasema, basi dada, zimebaki wiki nne, na orodha inapelekwa wilayani kabla ya hapo.

Festo huyo mjue ni shemeji yake Rugoye, mume wa mdogo wake. Nilikuwa najua ushemeji huo siku zote. Nani kijijini asiyeujua?

Sikwenda kwa Festo. Nilikwenda kwa Mama Bukuru, na yeye akaenda peke yake kwa mke wa Rugoye, ambaye watoto wake watano wote alimzalisha yeye, wakakaa jikoni wanachambua maharage. Alirudi na maneno mawili matatu. Kasulu. Kwa dada yake Rugoye, mwenye kilabu cha pombe. Anasaga kimea.

Nilipanda lori la magunia kutoka Kibondo, nikakaa juu pamoja na mbuzi wa mtu, vumbi la Makere lote nikalimeza mimi. Kasulu nilikuwa sijakanyaga tangu nilipotoroka kwa Kagoma. Sikujua kilabu hicho kiko wapi na sikutaka kuuliza walevi, wasije wakapeleka habari mbele yangu. Nikaingia kwenye duka la Bwana Seifu, mzee wa Kiislamu, babu yake alikuja toka pwani na biashara, mwenyewe amezaliwa hapo hapo na Kiha anakiongea kuliko mimi. Nilimuuliza kama kuna binti mwenye lafudhi ya Kirundi anayekuja kununua vitu.

Akasema yupo. "Huja kuchukua sukari ya yule mama wa kilabu. Huyo binti ana jambo la ajabu. Nikitaka kumfungia sukari, ananiomba nimfungie kwenye gazeti lenye maandishi mengi. Nikimpa lenye picha, analirudisha."

Nilimgeuzia mgongo kidogo, nikajifanya natazama khanga.

Nilimkuta uwani nyuma ya kilabu, mchana, jua kali, anasugua pipa kwa mchanga. Mikono ilikuwa imepasuka na kuwa myeupe kwa maji ya kimea. Aliniona, akanipa shikamoo, akaendelea kusugua.

"Spesioza, nimekuja kukuchukua," nikamwambia.

"Kunipeleka wapi?"

"Kijijini. Shuleni. Mtihani umekaribia."

Akainama ndani ya pipa, sauti ikatoka humo kama ya mtu aliye kisimani. "Dada Vero, ile siku uliyoambiwa nimekwenda kuchota maji, nilikuwa nyuma ya nyumba. Waliniambia nikitoka watanirudisha ng'ambo. Nikakusikia unacheka. Nikasema moyoni, sasa hivi ataniita. Ataniita twende kisimani. Ukasema jembe zuri sana, ukaondoka. Kesho yake wakanileta huku."

Akatoa kichwa kwenye pipa, akanitazama mara ya kwanza.

"Ulilitazama jembe. Mimi hukunitazama."

Vijana, nimepigwa katika maisha yangu. Kagoma alikuwa na fimbo ya mti wa mtimaji, nyembamba, inayojikunja. Sijapigwa kama pale.

Nilishika mchanga, nikaanza kusugua pipa pamoja naye, maana sikujua cha kufanya kingine. Tulisugua mpaka likaisha. Ndipo akasema atakuja, lakini kwa Rugoye harudi. Na akaniwekea sharti lingine, akalisema polepole kwa Kiswahili safi cha shule: nisije nikamsema mbele ya watu kwamba alipotea. Hakupotea. Alipelekwa.

Mwenye kilabu alitoka wakati tunafunga kifurushi cha nguo zake. Mama Yolanda, na naye namtaja. Akasema yeye aliambiwa ni yatima asiye na mtu, sasa huyu mtu ametoka wapi, na pombe ya kesho nani ataikoroga. Nikamwambia akoroge mwenyewe, mikono anayo miwili na mizuri. Tukaondoka hapo.

Mtoto alifikia kwa Mama Bukuru. Mimi nikaenda kwa mwalimu mkuu. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa karatasi. Alisema karatasi ndiyo iliyomfuta mtoto, na karatasi ndiyo itakayomrudisha: mwenyekiti wa kamati aandike kwamba barua yake ya kwanza haikuwa kweli. Aipate kufikia Ijumaa, Jumamosi orodha inaondoka. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu.

Jumanne nilikwenda kwa Festo. Akasema Rugoye ndiye aliyempa habari, yeye aliandika alichoambiwa. Nikamwambia basi andika kwamba uliambiwa uongo. Akasema huko ni kumvunjia balozi heshima, tutalizungumza kifamilia. Jumatano nikarudi. Akalileta daftari la matembezi, akalifungua mbele yangu, akaweka kidole. "Hii ni saini ya nani? Na hii? Na hii? Mtoto hayupo, wewe unaandika nyumba ya mfano. Ukinifikisha mbele ya watu, mimi na wewe tunazama pamoja, Mama Jembe."

Hapo alisema kweli. Nililala nayo usiku ule. Kama nikimshtaki, daftari linanishtaki mimi. Wale watoto wengine kumi na mmoja wanaweza kunyang'anywa mikononi mwangu, na kazi hii ndiyo kitu pekee nilichokuwa nacho chenye maana. Nikinyamaza, Spesioza anakaa nyumbani siku ya mtihani. Asubuhi nilikuwa nimekwisha chagua, na niwaambie kweli, haikuwa kwa ushujaa. Nililiona tu lile pipa.

Alhamisi ulikuwa mkutano wa kijiji, juu ya mbegu za mahindi. Ilipofika mengineyo nikasimama. Festo akawahi kusema, Veronika ana hasira zake za utotoni, tunazijua, leo atakuwa amekuja kupima majembe yetu. Watu wakacheka. Rugoye akacheka kwa adabu, amefunika mdomo.

Nikawaacha wamalize. Nikasema, "Mimi Veronika nimedanganya kijiji mara tatu. Nimeandika kwamba nimemtembelea Spesioza, na sikumwona. Daftari analo mwenyekiti, mwambieni awasomee."

Nikaendelea, sikuwapa nafasi. Nikasema Rugoye alimpeleka mtoto Kasulu kusaga kimea kwa dada yake. Nikasema Festo aliandika barua kwamba mtoto amerudi kwao, akijua mtoto hana kwao ila hapa. Nikasema sisi ni watatu, na mimi ni mmoja wao, nitachukua adhabu yangu. Lakini mtoto ana hadi kesho, na mtu wa kumrudisha jina ni mmoja tu katika mkutano huu.

Mwalimu wa darasa la saba akasimama, akasema ni kweli, mstari mmoja unatosha.

Wazee wote wakamgeukia Festo. Akasema ataandika, hana ubishi, ataandika kesho atakapopata nafasi. Mama Bukuru akauliza kwa ile sauti yake nafasi hiyo inatoka wapi, inakuja na lori? Festo akasema hata kama angetaka sasa, tumekaa kwenye nyasi, meza hakuna, ataandikia juu ya nini.

Nikamwendea, nikainama mbele yake, nikashika magoti. "Andika hapa," nikamwambia.

Alidhani namtania. Nilibaki nimeinama. Mgongo wangu nao ulikuwa umezoea kuinama, asante Kagoma. Watu hawakucheka tena. Mwalimu akatoa karatasi na kalamu mfukoni, na Festo, mbele ya kijiji kizima, akaandika juu ya mgongo wangu kwamba mwanafunzi Spesioza yupo, na kwamba barua ya kwanza ilikuwa ya makosa. Aliandika "ya makosa". Hakuandika "ya uongo". Kalamu ilitoboa karatasi mara mbili, alivyobonyeza, na alama ya wino ilikaa kwenye gauni langu mpaka lilipochakaa.

Mnataka kujua waliadhibiwa nini. Rugoye alibaki balozi mpaka uzee. Festo alibaki mwenyekiti mihula mingine miwili, na baadaye alipewa cheti cha utumishi mwema, mimi nilikuwepo, nikala pilau yake. Aliyeadhibiwa ni mmoja. Kamati ilinisimamisha ulezi wa Spesioza. Wale kumi na mmoja waliniachia baada ya mabishano, kwa sharti kwamba kila nikienda niende na mtu wa pili, na ndivyo utaratibu wa kwenda wawili wawili ulivyoanza kijijini kwetu. Mnaufuata hadi leo mnapokwenda kambini Mtendeli na pikipiki zenu, mnadhani umetoka kwenye semina.

Spesioza mwenyewe walimuuliza anamtaka nani awe mlezi wake wa pembeni. Nilikuwa nimekaa karibu. Sitawaficha, nilitegemea jina langu. Nilikuwa nimekwenda Kasulu, nimejiaibisha, nimeinama. Alisema Mama Bukuru. Hakunitazama wakati anasema, na hakusema kwa ubaya. Nilitaka kuchukia nikashindwa. Mtoto hana deni la kukupenda kwa sababu umerekebisha ulichoharibu mwenyewe. Hili nalo liandikeni mahali, maana wengi wenu mnaingia katika kazi hii mnatafuta kupendwa.

Na kwa wale watakaouliza, kwa mtihani ule hakuchaguliwa kwenda sekondari. Miaka ile shule nzima ilitoa mmoja, au haikutoa mtu. Safari ile alitoka mtoto mwingine, mvulana, naye alistahili. Spesioza alikosa miezi miwili ya masomo, na miezi miwili hiyo ina wenyewe, nimekwisha wataja.

Lakini asubuhi ya mtihani nilikwenda. Sikwenda kwa kazi, nilikwenda kama mpita njia. Nikasimama upande wa pili wa ua wa shule, kwenye miti ya minyaa. Nilimwona Mama Bukuru anamleta, amemshika mkono kama mtoto mdogo, na Spesioza amekubali kushikwa. Waliingia darasani. Dirisha halikuwa na kioo. Msimamizi aliyetoka wilayani, mtu mgeni asiyejua chochote, akaanza kusoma orodha. Jina lake lilikuwa la mwisho, limeongezwa chini kwa mkono.

Akalisoma. Spesioza akasimama.

"Nipo," akasema.

Msimamizi akafunga orodha, akasema gawaneni karatasi. Mimi nikamfuata mwenzangu aliyekuwa akinisubiri barabarani, tukaenda kwa mtoto aliyefuata, na tulipofika uwanjani, kabla mwenye nyumba hajaanza kupiga makofi, nilimwita mtoto kwa jina lake.